Picha ya Foleni

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikalizungukazunguka hadi likaonekana dogo. Mwishoni mwa Septemba 2018 nilipiga picha ya watu waliopanga foleni nje ya ukumbi wa sinema jijini Nairobi, nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook na kwenye kundi la WhatsApp la wapenda filamu wa Eldoret, bila kumwomba ruhusa hata mmoja wa waliomo. Chini yake niliandika: "Eldoret nasi tumo." Maneno hayo ndiyo yaliyowafanya watu wa huku wakodoe macho kutafuta uso wanaoujua. Waliupata.

Mwenye uso huo sitamtaja hapa, hata kwa jina la kubuni. Sitasema alikuwa na umri gani, alisoma wapi, alifanya kazi gani, wala kama alikuwa mwanamke au mwanamume. Nimeshamtangaza vya kutosha.

Foleni ile ilikuwa ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Wengi wameshasahau mambo yalivyokuwa, kwa hiyo nitakumbusha. Wasichana wawili wa mtaa mmoja Nairobi, Kena na Ziki, wanapendana ilhali baba zao wanashindana kwenye uchaguzi mmoja. Kisa kilitokana na hadithi fupi ya mwandishi Mganda, Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Aprili 2018 bodi ya kuainisha filamu nchini iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha hilo. Watu ambao hawakuwa wameiona, wakiwemo majirani zangu wa Kapsoya, waliapa kwamba imejaa uchi. Haina. Kahiu mwenyewe alieleza kwamba kilichowakera waainishaji ni mwisho wake. Uliwaachia wasichana wale matumaini, akaambiwa aubadilishe, naye akakataa.

Sasa, ili nchi iipeleke filamu yake kwenye Oscars, sharti la wakati ule lilikuwa iwe imeonyeshwa kwao kwa siku saba mfululizo kabla ya Septemba kwisha. Kahiu akaenda kortini. Tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaisimamisha marufuku kwa siku saba, mtu mzima anayetaka kuitazama aitazame. Ukumbi wa Prestige, kwenye barabara ya Ngong, ukafurika, hata maonyesho ya mchana ambayo kwa kawaida huwa ya wapenzi wawili watatu na mlinzi anayesinzia. Mwishowe kamati ya Kenya iliipeleka Oscars Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Ni filamu nzuri, sina ugomvi na uamuzi huo.

Ningekuwa mgeni wa mambo haya ningejitetea. Sikuwa mgeni.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa na klabu ya filamu hapa mjini, isiyo na jina wala cheti cha usajili. Tulikutana Jumamosi jioni katika chumba kilichokuwa juu ya duka la kuchapa barua na kutoa nakala, tukiwa na prajekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Wengi wetu tulilelewa na vibanda vya video vya Langas na Huruma, ambako filamu ya Kihindi au ya Kichina huja na sauti ya msimulizi DJ Afro juu yake, na hadi leo naamini hakuna mhakiki wa filamu nchini anayemfikia. Pale klabuni tulitazama zile ambazo kibanda hakiwezi kuziuza. Wanachama waliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Filamu ikiisha mimi ndiye niliyesimama kueleza, na nilipenda kueleza.

Nilichopenda kueleza kuliko vyote ni tuzo. Eldoret ni mji wa wakimbiaji. Hapa hata mtoto wa chekechea anajua maana ya mtu wetu kupanda ndege, kushindana na dunia nzima, na kurudi na kitu shingoni. Kwa hiyo tuzo ya Teddy niliwaeleza kama medali. Niliwaambia kwamba katika tamasha la filamu la Berlin, Februari ya kila mwaka, kuna jopo linalochagua filamu bora zinazohusu wapenzi wa jinsia moja na watu wengine ambao jinsia zao haziendi na desturi. Kwamba ilianza mwaka 1987, na wa kwanza kuipata walikuwa Pedro Almodóvar wa Uhispania na Gus Van Sant wa Marekani, wakati ambapo majina yao hayakuwa makubwa kama sasa. Niliwaambia kwamba Venice ilifuata na Queer Lion mwaka 2007 na Cannes ikapata Queer Palm mwaka 2010. Wengine walikuwa wakipiga miayo. Nilikuwa nikiendelea.

Halafu niliwaonyesha Call Me Kuchu, iliyopata Teddy ya filamu ya hali halisi mwaka 2012. Hapo hakuna aliyepiga miayo, kwa sababu Kampala si Berlin. Kuna watu pale chumbani waliokuwa na shangazi Kampala. Filamu hiyo ya Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall inamfuata David Kato, mwanaharakati wa Uganda. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na jarida la muziki la Marekani, lilichapa picha na majina ya watu likiwaita mashoga na kutaka wanyongwe. Uso wa Kato ulikuwa ukurasa wa mbele. Yeye na wenzake wawili walilishtaki gazeti wakashinda. Korti ikasema lilikuwa limeingilia faragha yao, ikaamuru walipwe fidia. Wiki chache baada ya ushindi huo, tarehe 26 Januari 2011, Kato alishambuliwa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Mtu mmoja alifungwa miaka 30. Polisi walisema mauaji hayakuhusiana na kazi yake, na marafiki zake wengi hawakuridhika na maelezo hayo.

Taa zilipowashwa nilisimama kama kawaida yangu. Nakumbuka nilichosema, maana nilijivunia usemi wangu hadi nikaurudia nyumbani kwa mke wangu. Nilisema gazeti lile halikuhitaji kumgusa mtu hata kwa ncha ya kidole; lilionyesha uso, likataja mtaa, likawaachia majirani kazi iliyobaki.

Na si hilo tu. Tulizungumza pia juu ya Stories of Our Lives, kazi ya vijana wa Nest Collective wa Nairobi, iliyoongozwa na Jim Chuchu. Walikusanya simulizi za Wakenya, wakazigeuza filamu fupi tano za rangi nyeusi na nyeupe, wakaziunga kuwa moja. Ilipokuwa ikienda kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2014 walioitengeneza walikuwa wameficha majina yao kwa kuhofia usalama wao. Kule Toronto ndiko watatu walikoamua kujitokeza: Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi. Waliobaki walibaki walivyo. Waliporudi, bodi ikakataa filamu isionyeshwe Kenya, na Gachara akakamatwa kwa kosa la kupiga filamu bila leseni, kesi iliyokuja kuondolewa. Februari 2015 filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya jopo la Teddy. Yaani jukwaa lilisimamishwa Berlin kuwapongeza watu ambao wengi wao hawangeweza kuandikwa majina mwishoni mwa filamu yao wenyewe. Jambo hilo lilinishangaza sana nilipolisoma. Niliandika hata makala fupi juu yake, katika kijarida kimoja ambacho sasa hakipo, nikisifu busara ya kuficha majina.

Ndiyo maana nasema sikuwa mgeni.

Nilipanda matatu ya alfajiri kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, nikijiona kama mjumbe. Sinema za kwetu hazikuwa na Rafiki wiki ile, na kwa kweli sikujua mwenye ukumbi yeyote hapa ambaye angethubutu. Nilipofika Prestige nilikuta mlolongo wa watu wa kila namna: wanafunzi wa vyuo wenye mabegi mgongoni, wanawake wa makamo waliovaa kama wanaokwenda harusi, mabwana wenye suti waliotoroka ofisi, wazungu wachache, na mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa akimuuliza kila mtu kama hii ndiyo foleni ya ile iliyokatazwa. Kulikuwa na furaha ya ajabu. Watu walikuwa wakipigana picha, na baadhi walikuwa wakificha nyuso zao kwa mikono au kwa tikiti. Hilo nililiona. Nililiona na halikunifundisha kitu.

Mbele yangu kidogo alisimama mtu ninayemfahamu kutoka Eldoret. Alikuwa amekuja klabuni kwetu mara chache, akiketi nyuma karibu na mlango. Nilimwita kwa sauti. Akageuka, akacheka, akasema, "Mwalimu, hata wewe?" Ni wakati huo nilipobonyeza. Uso wake umetoka vizuri kuliko wote kwenye picha ile, umeangalia kamera moja kwa moja, kwa sababu mimi ndiye niliyemgeuza.

Alikwenda pale kwa nini? Sijui. Huenda alipenda filamu tu, kama yule mzee mwenye kofia. Sijawahi kumuuliza na sitamuuliza. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi niliowasimulia kisa hiki, wakiwemo wale wenye huruma, huanza na swali hilo, kana kwamba jibu lake lingepunguza au kuongeza kosa langu.

Kwa nini niliiweka? Hapa nimejiuliza miaka mingi, na kila nikipata jibu zuri nalitilia shaka. Jibu zuri ni kwamba nilitaka kuonyesha kuwa mji wetu nao una watu wenye akili pana. Jibu la kweli zaidi ni kwamba nilitaka kuonekana. Wenzangu wa Nairobi wanaoandika kurasa za burudani walikuwa wameshaanza kuweka picha zao tangu siku ya kwanza, nami nikaona wivu. Nilitaka waseme, kumbe hata huko Eldoret kuna jasiri. Na ujasiri wangu haukunigharimu chochote. Mimi nina mke, nina watoto, mbuzi wa mahari waliliwa hadharani. Mtu kama mimi akionekana kwenye foleni ya Rafiki husemwa kwamba yuko kazini. Nilijua ningerudi nyumbani salama, na nikachukua usalama wangu nikaupimia mwenzangu.

Haikupita nusu saa simu ikalia. Tulikuwa bado tunasubiri mlango ufunguliwe. Alikuwa mita chache mbele yangu lakini alipiga simu badala ya kurudi nyuma, nadhani ili watu wasisikie. "Mwalimu, samahani kukusumbua. Naomba uitoe ile picha. Kuna mtu ameshanitumia." Nilimjibu nini? Nilimpa mhadhara. Nilimwambia filamu ni halali wiki hii, korti imesema, tuko mahali pa hadharani, hakuna anayefanya kosa. Nilimtajia Kato. Mungu anisamehe, nilimtajia Kato kama mfano wa mtu ambaye hakujificha. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa Mwalimu, lakini naomba uitoe." Nikasema nitaitoa.

Sikuitoa. Tuliingia, tukatazama filamu, na nilipotoka nikakuta watu wamependa picha yangu kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Mwandishi mmoja wa Nairobi ninayemheshimu alikuwa ameandika sifa chini yake. Nikasema moyoni, hadi asubuhi. Asubuhi niliifuta Facebook. Kwenye kundi la WhatsApp muda wa kuifuta kwa wote ulikuwa umeshapita. Ningeweza kuifuta kwenye simu yangu tu, na kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia. Alipopiga simu muda ulikuwepo. Huu ndio ukweli ambao niliuficha kwa miaka: niliwaambia watu kwamba niliiondoa mara tu nilipoombwa.

Mwaka ule mambo yalionekana kupita. Kulikuwa na maswali ya shangazi, kulikuwa na mizaha ya kundini ambayo nilicheka pamoja na wengine badala ya kuikemea. Hakurudi klabuni, na klabu yenyewe ilikufa taratibu baada ya mwenye duka kupandisha kodi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Septemba 2021 bodi ikapiga marufuku filamu nyingine, I Am Samuel ya Pete Murimi, iliyomfuata kijana mmoja na mwenzake kwa miaka mitano. Niliandika juu ya yote hayo, kwa ukali na kwa ufasaha, bila kukumbuka hata mara moja kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na deni.

Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, kijana wa miaka 25, mwanamitindo na mbunifu wa mavazi aliyeishi hapa Eldoret, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara huko Kapseret. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya hapa ilimhukumu mtu aliyekuwa akiishi naye kifungo cha miaka 50. Sina haki ya kukitumia kifo chake kueleza jambo langu, wala sitaki kusema zaidi ya lililothibitishwa kortini. Ninalolijua kwa macho yangu ni lililokuwa likipita kwenye simu za mji huu wiki ile. Picha zake zilisambazwa na maneno ambayo mtu hangemwandikia hata mwizi aliyemvunjia nyumba. Na watu hawakutosheka na picha zake. Walianza kutafuta nyingine, wakiulizana mjini kuna nani zaidi.

Mmoja akachimba kundi letu la zamani. Picha yangu ilitoka ikiwa na duara jekundu kuzunguka uso mmoja, na maneno niliyoyaandika kwa majivuno yakiwa bado chini yake, safari hii yakisomeka kama hati ya mashtaka. Ilipita kwenye kundi la mtaa, ikapita kwenye kundi la kanisa analosali mama yake. Mwenye ploti alimpa mwenye uso notisi ya mwezi mmoja, akisema kuna ndugu yake anakuja mjini na anataka chumba. Ndugu huyo hajaonekana mpaka leo. Kabla ya Pasaka mwenye uso alikuwa ameshaondoka Eldoret.

Mimi nililijua hili kupitia kwa mwanachama wa zamani wa klabu, tuliyekutana kwa bahati kwenye barabara ya Uganda. Alinisimulia kama habari ya mtu wa mbali, kisha akaniangalia na kusema, "Lakini ile picha si uliipiga wewe, Mwalimu?" Nilimwambia wengi walipiga picha siku ile. Uongo huo nao uandikwe hapa.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kumtafuta. Nilijiambia kwamba huenda hataki kusumbuliwa, sababu nzuri sana inayomfaa mkosaji. Nilipopiga hakushika. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine mfupi: mimi ndiye niliyepiga, mimi ndiye niliyechelewa kuitoa, naomba nije nikuone. Alijibu baada ya wiki. Tulikutana katika mji mwingine, kwenye hoteli ya chai na mandazi karibu na stendi, akiwa ameketi tena karibu na mlango.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilianza kuyasema, akainua mkono. Hakutaka kusikia nilivyoumia. Aliniuliza, "Lile kundi lilikuwa na nani na nani?" Nikamwambia baadhi nawakumbuka, na namba zao nyingi ninazo. Akasema, "Basi, waombe waifute. Mmoja mmoja." Aliuliza pia kama mama yake bado anakwenda kanisani. Nilikuwa sijui. Aliagiza chai nyingine, tukazungumza kidogo juu ya filamu, na nilipotaka kulipa alikuwa ameshalipa. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

Kazi aliyonipa ni ngumu kuliko nilivyodhani. Nilianza na wale ninaowaheshimu. Wengine walifuta mara moja na kunionyesha. Wengine walisema hawana, na baadaye nikagundua wanayo. Mzee mmoja, mtu wa kanisa, aliifuta mbele yangu huku machozi yakimlenga, akasema alikuwa ameituma kwa watu wawili naye atawatafuta. Lakini wapo waliocheka, na wapo waliofanya jambo ambalo sikulitarajia: waliitafuta upya ili waitazame vizuri, kisha wakaniuliza, huyu ni nani hasa? Yaani katika kuomba ifutwe nilikuwa nikiikumbusha. Nikajifunza kuomba bila kueleza: kama una picha zozote za foleni ya mwaka 2018, futa zote. Hivyo ndivyo ninavyoomba sasa.

Kuna rafiki yangu, tuliyeanzisha naye klabu, asiyekubaliana na maungamo haya. Anasema nikisema hivi nawaunga mkono wale wanaotaka watu wajifiche. Ananikumbusha kwamba bila nyuso hakuna kilichobadilika: Kahiu alikwenda kortini kwa jina lake, Chuchu na wenzake walisimama Toronto wakasema ni sisi, Kato alikubali kamera imfuate hadi jikoni kwake, na Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alipokea tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO mwaka 2019 wakati filamu yake ikiwa marufuku nchini mwake. Yote ni kweli, na nawavulia kofia. Kila mmoja wao aliulizwa, au alijiuliza, kisha akajibu mwenyewe. Mimi nilijibu kwa niaba ya mtu aliyekuwa amegeuka kunisalimu. Rafiki yangu anasema hiyo ni tofauti ndogo. Tumekuwa tukibishana kwa miezi na sioni tukimaliza.

Kabla ya kuchapisha haya nilimtumia mwenye uso. Alifuta mistari miwili niliyodhani haina madhara. Sikuirudisha, wala sikuziba pengo lake. Aliniambia niandike waziwazi kwamba niliombwa picha ikiwa bado inafutika, kwa hiyo nimeandika.

Sasa naomba. Kama ulikuwa kwenye kundi lile, au ulitumiwa picha ile Januari 2023, usinipigie kuniuliza kama ndiyo yenyewe, na usimwonyeshe mtu mwingine ili akusaidie kukumbuka. Ifute kwenye simu. Ikiwa simu yako huhifadhi picha mtandaoni, ifute na huko pia. Kama uliituma kwa wengine, waambie nao wafute, bila kutaja jina la mtu yeyote isipokuwa langu.